Kopo la Matango

“Hiki chakula nitakulia wapi?”

Ndivyo mama alivyoniuliza asubuhi nilipompa lile kopo kwa mara ya kwanza. Hakuuliza lina nini ndani, wala kama litamshibisha. Alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umefungwa vizuri, mkoba begani, na nje dereva wa pikipiki wa kumpeleka Bugarama alikuwa ameshawasha injini. Nikamwambia, “Popote, Maman. Njiani. Ndiyo maana nimekata vipande vidogo vidogo.” Nikabana kifuniko, nikalisukuma kopo ndani ya mkoba wake. Aliondoka, nami nikadhani nimemjibu.

Mama aliuza mchele mjini Kamembe tangu kabla sijazaliwa. Mara tatu kwa wiki aliteremka Bugarama, kule bondeni kwenye joto, akazunguka mashine za kukoboa moja baada ya nyingine akichagua mzigo. Macho yake hakuyaamini. Alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa punje za katikati, akaziuma kwa meno ya mbele. Punje ikivunjika kwa mlio mkavu, alichukua. Ikibonyea, aliitemea kiganjani akaenda kwa mwingine, na hakuna mwenye mashine aliyebishana naye.

Kazi hiyo yote ilikuwa ya miguu. Kwa hiyo muuguzi alipomwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari, mama hakuogopa kufa, aliogopa kukatwa mguu. Jirani yetu mmoja alikuwa amekatwa wake kwa ugonjwa huohuo. Mama alikwenda kumtazama mara moja tu. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua viatu, akautazama unyayo wake mmoja, kisha wa pili, kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia kitu alichoazima.

Muuguzi alitupa masharti machache. Kidonge kila asubuhi. Mafuta yapungue, uzito upungue. Ale kidogo kidogo, asikae na njaa. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi kando yake, ninaandika.

Nilikuwa nimerudi mwaka uleule kutoka chuo kikuu cha Huye na shahada ya sayansi ya jamii ambayo hakuna aliyeihitaji. Nilituma barua za kuomba kazi, na huku nikisubiri majibu niliuliza maswali. Kwa nini mgeni hawezi kuondoka bila kusindikizwa hadi barabarani? Kwa nini harusi lazima iwe na soda nyingi kuliko watu? Baba alikuwa amefariki zamani, kaka zangu wako mbali, na mama ndiye peke yake aliyebaki kunisikiliza. Mara nyingi alisikiliza huku akichagua mawe kwenye sinia la mchele. Ugonjwa wake, sioni haya kusema sasa, ulinipa kazi.

Niliingia mtandaoni kwa simu nikatafuta vyakula vyepesi vya kula ukiwa safarini, visivyonenepesha. Kurasa nyingi zilinishauri lozi, mtindi wa Kigiriki, na matunda madogo ya buluu ambayo sijawahi kuyaona hadi leo. Nikaziacha, nikaingia soko la Kamembe na akili yangu mwenyewe. Nilichokipata nilikipanga kwa siku. Matango yaliyokatwa vipande, na chumvi kidogo na ndimu. Karoti zilizochongwa kama vidole. Yai moja la kuchemsha, limemenywa tayari. Vinyomoro, yale matunda mekundu yenye uchachu mkali, yamekatwa nusu ili ayafyonze. Bisi za mahindi zilizokaangwa bila mafuta. Sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakavu, niliowakaanga kwenye sufuria tupu mpaka wakawa wanavunjika kama vijiti. Vyote vililiwa kwa vidole viwili, bila sahani, bila maji ya kunawa, na nilijivunia hilo kuliko yote.

Kabla ya hapo, chakula cha mchana cha mama kilikuwa katika kantini moja ya Bugarama, karibu na mashine. Ni chumba chenye meza tatu na pazia mlangoni, na kila anayeijua nchi yetu anajua kazi ya pazia lile. Mtu mzima hali chakula mahali anapoonekana. Unainua pazia, unaingia, linaanguka nyuma yako, na yanayotokea kati yako na sahani hayamhusu mpita njia. Mama alikula pale na wafanyabiashara wenzake wanne: wali, maharage, sombe, yale majani ya muhogo, inayoelea kwenye mafuta ya mawese. Nilipoihesabu ile sahani kwa kipimo cha kurasa zangu, nilishtuka.

“Maman, pale usirudi tena,” nilimwambia. “Ile sahani ndiyo inayokuua.”

“Na hii ya kopo nikulie mu njia? Juu ya pikipiki?”

“Juu ya pikipiki, kwenye kivuli, ukisubiri mzigo. Kuna ubaya gani?”

“Muntu mukubwa hakulaka mu njia.”

“Nani alisema?”

“Haisemwaki. Inajulikana.”

“Bukavu, ng’ambo tu hapo ya mpaka, watu wanakula barabarani wakitembea. Wamekufa?”

Mama alicheka kidogo. “Weye, ukiniona nimesimama kando ya barabara natafuna karoti, utanijua ni mama yako?”

Nikamwambia ningemjua na ningejivunia. Na ili kumthibitishia, siku hiyohiyo nilinunua karoti sokoni, nikaisafisha kwa chupa ya maji, nikaanza kuitafuna nikipanda barabara kuu ya Kamembe, polepole, mchana kweupe. Hakuna aliyenizuia. Waliniangalia tu, wakageuza macho haraka, kama vile nguo yangu imechanika nami sijui. Fundi cherehani mzee aliyekaa barazani aliinua kichwa.

“Binti, kwenu hakuna sahani?”

“Ziko, Mzee.”

“Basi nani anakufukuza penye hizo sahani?”

Wenzake wakacheka mpaka mmoja akashikilia cherehani. Nami nikacheka, nikamaliza karoti yote mbele yao. Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshapata habari. Hakunigombeza. Alisema tu, “Sasa banajua kama kwetu kuna njaa,” akaendelea kukunja nguo. Nilihisi nimeshinda. Hoja yake ilikuwa watu watasema nini, na hoja yangu ilikuwa mguu wake. Nani angesimama upande wa watu?

Kwa hiyo alikubali. Mama hakuwa mtu wa kushindana na kitabu. Yeye mwenyewe aliachishwa shule mapema, na ada zangu zilitoka kwenye magunia yale. Kuyakataa maneno yangu kungekuwa sawa na kukataa alichokilipia. Alimeza kidonge chake. Asubuhi, badala ya chai ya maziwa na mandazi mawili, nilimpa chai kavu, bila maziwa wala sukari, na kipande cha papai. Akabeba kopo. Jioni alilirudisha tupu.

Kila siku lilirudi tupu. Nililiosha kwa furaha. Baada ya wiki chache gauni zake zilianza kumlegea, na mimi nikazibana kwa pini nikimwimbia. Alipungua shavuni, kisha shingoni. Majirani walimuuliza kama anaumwa, nikawajibu mimi, kwamba ndiyo kwanza anapona.

Yalikuwepo mengine niliyoyaona na kuyapa majina niliyoyataka. Alirudi kutoka bondeni ameloa jasho hata siku za mvua. Nikasema ni joto la Bugarama. Mikono ilimtetemeka akifungua kamba ya viatu. Nikasema ni uchovu. Siku moja alimfokea mteja wa miaka mingi kwa jambo dogo, akakaa chini akalia, na alipoulizwa kwa nini analia hakujua. Mimi, niliyeuliza asili ya kila desturi ya mtaa wetu, sikuuliza hilo. Kwenye kurasa zangu iliandikwa kwamba mwili hulalamika kabla ya kuzoea, na jibu hilo lilinifaa.

Simu ilikuja siku ya soko, saa saba mchana, kwa namba ya mama. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye kantini, yule mama wa nyuma ya pazia. Nilimfahamu kwa kusikia tu.

“Weye njo binti yake? Ni weye?”

“Ndiyo, Maman. Kuna nini?”

“Mama yako iko hapa kwangu. Alikuwa ku mashine, akaanza kusemasema maneno haieleweke. Anatembea hivi na hivi. Bantu ba mashine banasema amelewa.”

“Mama yangu hanywi pombe!”

“Minajua, binti, minajua, mie mwenyewe ni Mwislamu kama yeye. Nimewafukuza. Nimemulalisha ku mikeka. Anatoka jasho kama mvua, macho iko wazi lakini hanione.” Alikuwa anahema. “Nimupe soda? Niko nayo hapa, nimeshafungua.”

Nakumbuka nilivyosimama. Nilikuwa uani, mkono mmoja kwenye kamba ya nguo. Nakumbuka pia kwamba sikusita.

“Hapana! Ana ugonjwa wa sukari. Usimpe kitu kitamu chochote. Umesikia? Chochote.”

“Hata chai?”

“Chai kavu. Au maji. Maji tu, Maman, tafadhali. Soda itamuua.”

Nilisikia chupa inawekwa mezani.

“Sawa,” alisema. “Weye njo ulisoma, si mie.”

Nilipanda pikipiki pale pale. Njia ya kuteremka Bugarama ina kona nyingi, na kwenye kila kona nilimpigia mwenye kantini, na kila mara alinieleza: amekunywa maji kidogo, sasa hataki, sasa amelala. Aliposema amelala nilishukuru. Nilimwambia dereva, “Amelala, punguza mwendo, tusije tukaanguka.” Akapunguza.

Nilipofika nilikuta wameshambeba hadi kituo cha afya, na kutoka hapo gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka hospitali. Nikageuza. Hospitalini nilimkuta na dripu mkononi, mdomo wazi. Muuguzi aliyekuwa zamuni alikuwa na wagonjwa wengi kuliko vitanda. Alisema maneno mawili kwa Kifaransa akitembea, na nililoshika ni sukari. Sikumfuata kumuuliza imekuwaje. Ilitosha kwangu. Kama ni sukari, basi kuna mtu alimpa kitu kitamu.

Jioni walikuja wafanyabiashara wenzake wanne, wale wa kantini, wamejifunga kanga, wamebeba uji kwenye chupa. Walikaa chini ukutani. Mmoja wao, mnene, mchangamfu, alinishika mkono akataka kunifariji.

“Matango yako matamu, binti. Ile ndimu unatia, hatuiwezi sisi.”

Nikamwuliza ameyaonja wapi.

“Kila siku! Mama yako anaingia, anafungua kopo, anasema karibuni. Tunakuwa batano, kila mumoja anachukua. Sambaza njo zinaisha mbele ya yote.”

“Na yeye anakula nini?”

“Anasema binti yake amemukataza sahani. Anakunywa maji, anatungojea tumalize. Tukimuambia kula, anasema nimeshakula mu njia.”

Hata wakati ule, nikiwa kando ya kitanda, nilielewa nusu. Njiani hakuweza kula kwa sababu alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake. Nyuma ya pazia hakuweza kufungua kopo peke yake mbele ya wenzake bila kusema karibuni, kwa sababu hakuna mwanamke wa Kamembe anayeweza, na vipande nilivyomkatia mtu mmoja vilifika kwa watu watano. Kopo liliporudi tupu, lilikuwa tupu kweli. Mwanafunzi wa jamii alikuwa amemtuma mama yake mahali ambapo, kwa adabu zote anazozijua, hapakuwa na pa kulia.

Lakini hiyo ilikuwa nusu. Nusu ya pili niliijaza mwenyewe, na niliijaza vibaya. Nilimpigia mwenye kantini pale pale, mbele ya wale wanawake.

“Ulimpa ile soda.”

“Wallahi sikumupa.”

“Ulikuwa umeshaifungua. Uliniambia mwenyewe.”

“Binti, ilikuwa mu mukono. Nilitaka. Roho ilikuwa inaniambia mupe, uso wake ulikuwa kama wa muntu wa njaa. Ukakataza. Sikumupa hata kijiko.”

Nikamwambia kwamba asinipigie tena, na kwamba watu wasiosoma wanaua wenzao kwa huruma. Wale wanne waliinuka wakajifunga kanga zao upya. Walipoondoka waliacha chupa ya uji, na sikuifungua.

Mama alifumbua macho siku ya tatu. Miguu yake yote miwili iko salama mpaka leo. Kilichopotea hakina mahali pa kufungwa bendeji. Ananijua mimi, anazijua dua zake, lakini njia ya kutoka nyumbani hadi msikitini, ambayo ni kona mbili, humpotea. Huanza sentensi akaiacha wazi. Mwanzoni nilidhani nikimrudishia kazi yake atarudi, nikamletea sampuli za mchele kutoka mashine tatu, nikazipanga mbele yake kwenye sinia. Aliziuma punje kwa meno ya mbele, vilevile kama zamani. Nikangoja. Aliendelea kutafuna, akameza, akachukua nyingine, na ya tatu, akinitazama kwa upole, akisubiri nimwambie tunafanya nini.

Biashara ikaisha. Bugarama hawakumsahau kwa uzuri: wapo wanaosimulia hadi sasa habari za yule hajati wa Kamembe aliyelewa mchana mashineni, na siwezi kwenda kugonga kila mlango. Mwenye kantini alikuja nyumbani mara moja, siku ya Idi, amevaa vizuri, na sinia la biskuti. Nilimwambia mama amelala. Alikuwa hajalala. Alikuwa nyuma yangu, ukumbini, na yule mama alimwona juu ya bega langu. Hakubisha. Alinipa sinia, akasema Idi njema, akageuka. Sikumsindikiza hadi barabarani.

Miaka ikapita hivyo. Nilipata kazi hatimaye, ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta katika kituo cha afya huko Gashonga, katikati ya migomba. Mama nilimwacha mchana na binamu yangu. Kazi ilinifaa kwa sababu haikunihitaji kuwaza: jina, umri, kijiji, dawa. Karatasi za wagonjwa wa sukari zilipita mikononi mwangu kama nyingine zote, nikazipiga chapa.

Asubuhi moja umeme ulikatika. Nilitoka na karatasi zangu nikakaa kwenye benchi la nje, mahali ambapo muuguzi kijana alikuwa anawafundisha wagonjwa kabla ya kugawa dawa. Walikuwa wakulima wa mihogo na maharage, wengi wao wazee. Nilikuwa napanga karatasi kwa vijiji, nasikiliza kwa sikio moja.

Muuguzi alikuwa ameshika kidonge juu kati ya vidole viwili. Alisema hiki hakijui kama umekula au hujala. Kinafanya kazi yake tu. Ukikimeza kisha ukashinda na njaa shambani, mikono itatetemeka, jasho litatoka, utamgombeza mkeo bila sababu, na wenzako watasema umepitia kilabuni. Kila mmoja, akasema, atembee na sukari mfukoni.

Mzee mmoja mwenye kofia akainua mkono. “Nesi, jana umenikataza sukari kwenye chai. Leo unaniambia niitembeze mfukoni. Nikuamini wa jana au wa leo?”

Benchi zima likacheka. Muuguzi naye akacheka.

“Wote wawili, Mzee. Wa jana ni wa kila siku. Wa leo ni wa siku ile moja.”

Kisha akaacha kucheka, akarudia taratibu ili hata walioketi nyuma wasikie, na hivyo ndivyo nilivyopata kujua: mgonjwa wa sukari aliyemeza kidonge hicho bila kula, akaloa jasho na kusema kama mlevi, sukari yake haijapanda, imeshuka, na akiwa bado anaweza kumeza, chupa moja ya soda humrudisha kabla chai iliyomiminwa haijapoa.